Kichekesho Kisichofanyiwa Jubilii: Wasikilizaji wa Mwambao wa Rumonge

Miongoni mwa tanzu za sanaa ya maonyesho katika Kiswahili, kichekesho kimepewa nafasi ndogo kuliko kinavyostahili. Wahakiki wameandika mengi kuhusu tamthilia, na wanafunzi wetu hutahiniwa juu ya tamthilia. Lakini ule mchezo mfupi wa redio, wenye wahusika wawili watatu ambao msikilizaji huwatambua kwa sauti kabla hawajatajwa majina, aghalabu hupitwa kimya. Hata hivyo huo ndio mchezo uliowafikia watu wengi, wakiwemo wasiojua kusoma. Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia yake kwa upande wa wasikilizaji, hasa wale wa mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac. Wasikilizaji hawa hawatajwi popote, kwa kuwa michezo yenyewe ilitungwa ng'ambo ya ziwa, wala haikutungwa kwa ajili yao.

Jambo lililotuchochea kuandika lilitokea mbali sana na ziwa letu. Tarehe 16 Februari 2025, televisheni ya NBC ya Marekani ilirusha kutoka New York kipindi maalumu cha kuadhimisha miaka 50 ya Saturday Night Live, mkusanyiko wa vichekesho vifupi ulioanza tarehe 11 Oktoba 1975 chini ya uongozi wa Lorne Michaels. Maadhimisho hayo yalichukua zaidi ya saa tatu. Waigizaji wa zamani waliokwisha kuota mvi walisimama pamoja na vijana wa siku hizi. Wapenzi wa kipindi nao wakafanya yale ambayo wapenzi hufanya siku kama hiyo: wakahesabu nani alikuwapo na nani hakuwapo, wakaulizana aliko Dan Aykroyd, mmoja wa waigizaji wa mwanzo, ambaye hakuonekana, wakabishana ni kizazi kipi cha waigizaji kilichokuwa bora, na wengi wakashikilia kuwa bora ni kile walichokitazama walipokuwa vijana. Palikuwa pia na sehemu moja ya kustaajabisha. Mwigizaji Tom Hanks, kwa uso wa huzuni wa mtu aliye mazishini, aliwaongoza watazamaji katika kuviaga vichekesho vya zamani ambavyo leo haviwezi kuonyeshwa bila aibu, kwa sababu vilicheka maumbile ya watu, asili zao na namna yao ya kusema. Tutarudi kwenye sehemu hiyo hapo baadaye, kwani ndiyo inayotuhusu zaidi sisi walimu wa lugha.

Je, kwetu Afrika Mashariki wapenzi wa kichekesho kilichodumu walipata lini siku ya namna hiyo, ya kukaa pamoja na kuhesabu miaka yao kwa kupitia wachekeshaji wao? Tukichunguza, tunaona kwamba siku hiyo aghalabu imekuwa siku ya msiba. Tarehe 12 Julai 2015 alipofariki Benson Wanjau, aliyejulikana kwa jina la Mzee Ojwang katika mchezo wa Vitimbi wa televisheni ya taifa ya Kenya, watu waliokuwa watoto katika miaka ya 1980 walianza ghafla kusimuliana vituko vyake na Mama Kayai. Miaka michache kabla ya hapo watu hao hao walikuwa wamechanga fedha ili macho yake yatibiwe. Tanzania nayo, alipofariki Amri Athumani, yaani King Majuto, tarehe 8 Agosti 2018, maombolezo yaligeuka kuwa marudio ya michezo yake yote, kila mtu akikumbusha kipande alichokipenda. Kicheko na kilio vilichanganyika, na hakuna aliyeona ajabu. Tofauti na wale wa New York ni kwamba mwenye sherehe hakuwapo kuisikia.

Tukirudi mwamboni, Rumonge ni mji wa ndagala na mawese, kilomita zipatazo 70 kusini ya Bujumbura. Kiswahili kilifika huko pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyokuwa na kituo chake kikubwa Ujiji, kikabaki kuwa lugha ya soko, ya msikiti na ya mitumbwi. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu samaki hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika nchi kavu. Kwa hiyo mvuvi alikuwa na usiku kadhaa kila mwezi asio na kazi, na katika usiku huo redio ilikuwa mali ya baraza nzima. Redio ya Burundi ilitangaza kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Lakini aliyetaka kucheka kwa Kiswahili alizungusha kitufe akaitafuta Radio Tanzania Dar es Salaam katika masafa mafupi, sauti ikija na kuondoka kama wimbi.

Alichokipata huko kilikuwa Mahoka, na kilikuwa Pwagu na Pwaguzi. Mchezo huu wa pili, ulioigizwa na Rajabu Hatia na Ali Keto, ulichukua jina lake katika methali isemayo pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi naye hukutana na mwizi aliyemzidi. Hiyo methali ilitosha kuwa mtambo wa mchezo mzima: mjanja mmoja, mjanja mwingine, na hila inayomrudia mwenyewe. Ufundi wenyewe ulikuwa katika maneno. Redio haina uso wa kukunja wala suruali ya kudondoka; mchekeshaji wa redio anao ulimi tu, na ulimi huo hufanya kazi kwa lafudhi, kwa neno lenye maana mbili, na kwa kimya kinachokaa mahali pake.

Hapa ndipo historia ya mwambao inapoingia, na si historia nyepesi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka katika Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa, na mauaji ya kulipiza yaliyoendeshwa na serikali ya wakati huo yakaenea nchi nzima kwa miezi kadhaa. Watu wengi wa mwambao walivuka ziwa kwa mitumbwi au wakafuata ufuko kwa miguu hadi Tanzania. Baadaye walipewa makazi katika mapori ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Humo walifyeka misitu na kulima, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili katika shule zilizofuata mitaala ya Tanzania. Redio ile ile waliyokuwa wakiitafuta kwa shida wakiwa Rumonge sasa ilisikika kama sauti ya nyumbani kwa mwenyeji wao. Vichekesho ambavyo zamani vilikuwa burudani ya usiku wa mbalamwezi vikawa, bila mtu yeyote kukusudia, somo la matamshi.

Tunasema somo la matamshi kwa sababu ya haki kabisa. Kirundi hakitofautishi sauti za r na l kama Kiswahili kifanyavyo; hivyo Mrundi anayejifunza Kiswahili anaweza kusema anataka kura hali ana njaa tu. Vilevile huweza kusema mutu na muzee, irabu ikibaki pale ambapo Kiswahili sanifu kimekwisha kuidondosha. Darasani kosa la aina hiyo husahihishwa kwa kalamu nyekundu. Nje ya darasa, kwa mkimbizi, lilikuwa na uzito mwingine. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, alieleza jinsi wakimbizi wengi waliokaa mjini walivyopendelea wasitambulike kuwa wakimbizi. Mtu wa namna hiyo hawezi kukichukulia kichekesho cha lafudhi kama mzaha mtupu. Lafudhi inayowachekesha wenzake kwenye redio ndiyo inayoweza kumfichua sokoni.

Tusiwahukumu wachekeshaji kwa haraka. Kucheka lafudhi ni desturi kongwe ya michezo ya Afrika Mashariki, na wakati mwingine ni namna ya kukaribishana. Mzee Ojwang aliigiza kwa lafudhi ya Mjaluo ilhali yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu, na Wajaluo wenyewe walikuwa miongoni mwa wapenzi wake wakubwa. Utani wa makabila Tanzania nao una kanuni zake: anayetaniwa anayo haki ya kujibu. Lakini mkimbizi hana mtani. Akicheka, anacheka na wengine. Akichekwa, hana zamu ya kujibu. Mzee mmoja aliyekulia Mishamo alitueleza kwamba wao walikuwa wakimsikiliza mchekeshaji mara mbili kwa pamoja: sikio moja kwa ajili ya kicheko, la pili kwa ajili ya kupima kama wao wenyewe husikika vile. Akaongeza kwamba dada yake alijifunza herufi l kwa kuwaiga wachekeshaji, si kwa mwalimu. Kwa kuwa sisi ni walimu, tulilipokea neno hilo kwa unyenyekevu, ingawa halikutufurahisha.

Sasa ile sehemu ya Tom Hanks inaeleweka vizuri zaidi. Watazamaji wa New York waliweza kuvizika vichekesho vilivyochakaa kwa sababu wanavyo: vimehifadhiwa, vinaweza kutolewa, vikatazamwa tena na kuamuliwa. Si kila mahali palipokuwa na bahati hiyo. Hata BBC ya Uingereza ilifuta kanda nyingi za vichekesho vyake vya miaka ya 1960 ili itumie kanda hizo tena. Kwetu mwamboni mchezo wa redio ulisikika mara moja ukaenda na upepo, na msikilizaji hakuwa na njia ya kuuita urudi. Burundi ilipata redio nyingi za binafsi baada ya miaka ya 1990, na mchezo wa Kirundi wa Umubanyi niwe muryango, uliotungwa na Marie-Louise Sibazuri na kuanza kurushwa na Studio Ijambo mwaka 1997, ulionyesha kwamba nchi nzima inaweza kukaa kimya kuwasikiliza majirani wawili wa kubuni. Kisha tarehe 13 na 14 Mei 2015, wakati wa jaribio la kupindua serikali, studio za redio kadhaa za Bujumbura zilishambuliwa na kuharibiwa. Mwenye kuandika historia ya sauti za nchi hii analazimika kuitaja tarehe hiyo.

Kwa hiyo makumbusho yaliyobaki ni watu. Kuanzia mwaka 2008 zaidi ya watu 50,000 kati ya wakimbizi wa 1972 walirejea Burundi, wengi wao wakielekea mwambao huu wa kusini, ilhali wengine takriban 162,000 walichukua uraia wa Tanzania. Waliorejea walikuta mashamba yenye wakazi wengine, na mashauri ya ardhi yakachukua miaka. Watoto wao waliingia shule za Kirundi na Kifaransa wakiwa na Kiswahili cha Tabora, wakachekwa upya, safari hii kwa kukosea Kirundi. Kichekesho kilikuwa kimegeuzwa upande wa pili. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili kikafundishwa shuleni, baadhi ya hao waliochekwa wamekuwa wenzetu katika kazi hii ya ualimu, na lafudhi yao ndiyo inayosifiwa na wakaguzi.

Ukikaa na wazee wa Rumonge karibu na mwalo alasiri, wakati nyavu zinatengenezwa, utashuhudia jubilii ambayo hakuna redio iliyoitangaza. Mmoja ataiga sauti ya Pwagu. Wa pili atasema hiyo si ya Pwagu, ni ya mwenzake. Wa tatu, ambaye hakuwahi kuondoka Burundi, atasema wote wawili wamekosea, kwani yeye aliwasikia kabla ya 1972. Kwamba alisikia mchezo huo hasa mwaka huo au aliusikia baadaye, hilo hatukumuuliza. Kumbukumbu ya mpenzi haina kalenda. Wanabishana juu ya kipi kilikuwa bora, kama walivyobishana wale wa New York.

Siku moja tulikwenda nao wanafunzi watatu wa darasa letu, ambao jina la pwagu walilijua kutoka katika orodha ya methali za kitabu chao tu. Walistaajabu kusikia kwamba pwagu aliwahi kuwa na sauti. Mzee naye alistaajabu kusikia kwamba pwagu yumo kitabuni. Tulimweleza kwamba methali ndiyo iliyotangulia, na mchezo ukachukua jina humo. Alitusikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akawageukia wanafunzi akawaambia kwamba waandishi wa vitabu nao bila shaka walikuwa na redio.