Sambaza, kabichi na barafu: safari ya chakula kibichi kuelekea Goma

Kituku, kando ya Ziwa Kivu, soko linaanza kabla jua halijatoka. Mitumbwi ya wavuvi waliokesha ziwani na taa zao inaingia mmoja mmoja, na mama wauzaji wanashuka hadi majini na beseni kichwani. Bei ya sambaza ya saa kumi na mbili asubuhi si bei ya saa tano. Saa tano samaki zile zile zimelegea tumbo, macho yamefifia, na mnunuzi anajua kwamba muuzaji hana tena nguvu ya kubishana. Ikifika saa saba, zile zisizouzwa zinaingia katika mafuta ya moto ao zinaanikwa. Muji wa Goma uko kwenye kimo cha karibu mita 1500, hewa yake ni ya baridi kuliko ya Kindu ao ya Kisangani, na hilo linamupa mama saa moja ao mbili zaidi. Haipiti hapo.

Historia ya chakula cha Goma ni historia ya saa hizo: nani alizipata, nani alizikosa, na zililipwa kwa kitu gani.

Wengi wanasahau kwamba sambaza yenyewe si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Ililetwa. Mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji, kuelekea mwaka 1959, wataalamu waliona kwamba ziwa hili lilikuwa na samaki kidogo tu katikati ya maji yake, wakati Ziwa Tanganyika lilikuwa linalisha miji mizima kwa ndagala. Wakachukua vitoto vya samaki kule Tanganyika, hesabu inayotajwa ni 57.400, za aina mbili, wakavipandisha hadi Kivu. Kusafirisha samaki mzima ni kazi ngumu kuliko kusafirisha aliyekufa: maji yakipata joto, hewa ndani yake inapunguka, na kitoto kinakufa kabla ya kufika. Aina moja haikushika katika ziwa jipya. Ya pili ilishika, ikazaa, ikaenea hadi ngambo ya Rwanda, ambako wanaiita isambaza. Kila beseni inayouzwa Kituku leo ni uzao wa wale abiria waliofika wakiwa hai.

Mbele ya barafu watu hawakukaa bila kula samaki. Walitumia jua, chumvi na moshi. Kule Ziwa Edouard, wavuvi wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge waliuza samaki mbichi kwa watu wa karibu, na iliyobaki waliipasua, wakaitia chumvi ao kuiweka juu ya moshi. Samaki ya moshi inaweza kukaa juu ya kamyo siku nyingi, kupita Butembo na Beni, kukwama katika matope ya barabara ya msitu, na bado ikaliwa Kisangani. Makayabo yanayotoka baharini mbali yanafuata akili hiyo hiyo: ondoa maji, weka chumvi, kisha usiogope safari. Lakini moshi una deni lake. Unakula kuni, na kuni za Vitshumbi zinatoka katika Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925, ambamo kukata mti kunaleta ugomvi na walinzi. Samaki iliyokaushwa inapoteza vilevile sehemu kubwa ya uzito wake, na mvuvi anauza kwa kilo.

Njia nyingine, ile ya baridi, ilianza mbali sana na hapa, na ilianzia baharini. Mwaka 1876 Mufaransa Charles Tellier alituma meli yenye mashine ya baridi kutoka Rouen hadi Buenos Aires. Iliitwa Le Frigorifique, na si vigumu kusikia ndani ya jina hilo neno letu la frigo. Miaka sita baadaye, tarehe 15 Februari 1882, meli ya matanga Dunedin iliondoka New Zealand na karibu nyama nzima 5000, nyingi zikiwa za kondoo, zilizogandishwa. Ilifika London baada ya siku 98. Nyama moja peke yake ndiyo iliyotupwa. Katikati ya safari kapiteni aliona kwamba baridi haienei sawasawa ndani ya chumba cha nyama. Akatambaa mwenyewe katika njia ya hewa kwenda kuitoboa, akaganda karibu kufa, mabaharia wakamvuta nje kwa kamba.

Kisa hicho kinafundisha jambo ambalo hata leo madereva wengi hawalijui. Mashine peke yake haitoshi. Ni hewa ya baridi inayozunguka ndiyo inayookoa mzigo, na mzigo uliobanwa hadi kwenye kuta na dari unaifungia hewa njia.

Meli ilifaulu mapema kwa sababu ina nafasi ya mashine kubwa, na bahari haina mashimo. Gari lilichelewa zaidi ya miaka 50. Kamyo za Marekani zilikuwa zinabeba vipande vya barafu kandokando ya nyama, na barafu ikiyeyuka njiani mzigo ulikuwa unaoza. Inasimuliwa kwamba mwaka 1938 mwenye kamyo mmoja alilalamika juu ya mzigo wa kuku ulioharibika, na kazi ya kutafuta dawa ikamfikia Frederick McKinley Jones huko Minneapolis. Jones alikuwa Mumarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1893. Alikuwa yatima, aliacha shule akiwa mtoto bado, na umakanika aliujifunza katika garaji kwa kufagia, kuangalia na kusoma peke yake.

Mashine za baridi za wakati ule zilikuwa nzito, na mtikisiko wa barabara ulizivunja. Jones alitengeneza moja iliyovumilia mtikisiko, akaiweka kwanza chini ya kamyo. Huko ilipata shida ambayo dereva yeyote wa Masisi angemtabiria: matope na mawe. Akaipunguza uzito na kuipandisha mbele, juu ya kichwa cha gari, pahali ambapo bado inaonekana kwenye kamyo za frigo ulimwenguni pote. Pamoja na mukubwa wake Joseph Numero walianzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Thermo King. Wakati wa vita kuu ya pili mashine zake zilihifadhi damu, dawa na chakula cha askari. Alikufa mwaka 1961, akiwa ameandikishiwa uvumbuzi zaidi ya 60. Medali kubwa ya teknolojia ya Marekani ilimfikia mwaka 1991, akiwa kaburini tayari miaka 30.

Kamyo ya frigo inasifiwa kwa kazi isiyo yake. Watu wanafikiri inapoza chakula. Kazi yake hasa ni kulinda baridi ambayo chakula kimeingia nayo. Kabichi iliyokatwa saa sita mchana, ikiwa na joto la shamba, ikirundikwa ndani na mlango kufungwa, itaoza ndani ya mashine ya bei kubwa kama ingalivyooza juani. Ndiyo maana mkulima wa Lubero anayekata kabichi jioni, anayeiacha usiku kwenye baridi ya mlima, kisha kuipakia kabla ya jua, anafanya nusu ya kazi ya mashine bila kulipa mafuta. Tena baridi haifanani kwa vyote. Samaki na nyama zinataka kuwa karibu na barafu, kabichi na liki vilevile. Ndizi ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi inaharibika na ganda lake linakuwa jeusi. Maparachichi na ndizi vinavyoiva vinatoa hewa inayoivisha na kuozesha majani yaliyo jirani. Anayechanganya vyote katika gari moja kwa kuokoa pesa anaweza kupoteza vyote.

Kivu ya milimani ilijenga biashara yake juu ya baridi hiyo ya bure. Wakati wa Zaire, liki, vitunguu, kabichi na viazi vya Butembo na Lubero vilikuwa vinateremka kwa kamyo hadi Kisangani, na vingine vilipanda ndege hadi Kinshasa. Ndege hazikuchaguliwa kwa anasa. Barabara ilikuwa imekufa, na majani mabichi hayangoji daraja litengenezwe. Mfanyabiashara alilipa bei ya ndege kwa sababu ndege ilikuwa inafika siku ile ile.

Masisi walipata akili nyingine. Maziwa yanakaa saa chache tu bila baridi, na kutoka vilima vya Masisi hadi Goma kamyo inaweza kukwama siku nzima. Kwa hiyo maziwa yakageuzwa jibini, ufundi uliotoka Ulaya na kuzoea vilima hivi, ile ya mviringo inayouzwa Goma na kupelekwa hadi Kinshasa. Jibini ni maziwa ambayo yamekubali kusafiri bila frigo. Kati ya njia zote za kupambana na barabara mbaya, hiyo ndiyo iliyofikiriwa vizuri zaidi, na haikuhitaji hata waya mmoja wa umeme.

Kwamba baridi kali inaweza kufika vijijini mwetu, hilo limekwisha kuonekana. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Mangina, karibu na Beni. Chanjo yake ilitakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, baridi ambayo frigo ya nyumba haiikaribii hata kidogo. Siku chache baadaye watu walianza kuchanjwa. Chanjo ilifika kwa ndege, ikahifadhiwa katika mashine zenye jenereta, kisha ikabebwa katika mitungi mizito inayoshika baridi siku kadhaa bila umeme. Zaidi ya watu 300.000 walichanjwa mpaka ugonjwa ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Barabara zilikuwa zile zile, na risasi zilikuwa zinasikika. Tofauti ilikuwa kwamba pesa ya jenereta, mafuta na gari ilipatikana. Kwa samaki wa Vitshumbi haijapatikana.

Miaka iliyofuata ilionyesha namna uzi huu ulivyo mwembamba. Tangu mwaka 2022 vita vilikata barabara ya Rutshuru, kisha zile za Masisi. Mwezi wa Februari 2024 barabara ya Minova ikafungwa pia kwa kuelekea Sake, na Goma ikabaki na ziwa. Kabichi, ndizi na mihogo vilipita majini kutoka Minova, juu ya mashua moja na watu. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua Merdi, iliyotoka Minova imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wakiangalia toka nchi kavu. Makumi ya wasafiri walikufa. Wengi walipanda mashua kwa sababu barabara haikuwapo, na kati yao walikuwamo wafanyabiashara waliofuata soko.

Mwisho wa Januari 2025, katika mapigano ya Goma, umeme na maji vilikatika na kiwanja cha ndege kikafungwa. Frigo za muji, zinazotegemea nguvu za maji za Matebe katika Rutshuru ao zile za Ruzizi, zilinyamaza pamoja. Frigo iliyofungwa vizuri inashika baridi siku moja, mbili ikiwa imejaa. Baadaye samaki iliyoganda, kama vile mpiodi inayovuliwa katika bahari mbali kusini, inayeyuka. Hapo hatari inahamia kwa mnunuzi, kwa kuwa kuna wanaoigandisha mara ya pili umeme ukirudi. Samaki hiyo inajulikana: nyama yake inabonyea na hairudi, maji mekundu yamegandana chini ya katoni, na vipande vimeshikana kama jiwe moja. Kuikaanga sana hakuondoi sumu zote zilizokwisha kuingia.

Katika kambi za Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya waliishi watu waliokuwa wakilima kabichi ile ile. Mama aliyekuwa anapakia magunia kwenye kamyo Kitshanga alijikuta Goma akinunua nusu kabichi kwa bei ambayo hakuwahi kumuuzia mtu. Wengine waliingia katika biashara ya sambaza, kwa sababu inahitaji beseni, mtaji mdogo na kuamka mapema.

Penye mashine ya barafu, hesabu ni rahisi: kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, barafu ipondwe, iwekwe chini, katikati na juu, na maji yake yatoke. Hapo samaki inapita kutoka nusu siku hadi wiki moja na zaidi. Kasha la frigolite lililotoboka linapoteza hesabu hiyo yote kabla ya saa sita. Kwa hiyo Kituku mama anayeweza analifunga kasha lake kwa kitambaa kilicholowa maji, analiweka kivulini kwa upande wa ziwa ambako upepo unatoka, na halifungui mpaka mnunuzi atoe pesa mkononi.