Sewa ya Kitale, Mfereji wa Bungoma

Watu wangu, leo tuongee maji. Si bili, si mgao, si mfereji kukauka wiki nzima. Hayo tumeyasema mpaka tukachoka. Leo nataka tuulize kuhusu uchafu: nani alipewa kazi ya kuuzuia usiingie kwenye maji yetu, alipewa lini, na mbona bado tunaishi kwa kutegemea klorini peke yake?

Tuanze na ramani. Mto Nzoia unapata maji yake kutoka milima ya Cherangany na Mlima Elgon. Vijito vya upande wa Kitale vinateremka hadi kwake, nao unapita Webuye, unashuka mpaka Budalangi na kuingia Ziwa Victoria. Pale Webuye maji ya mto yanachotwa, yanatibiwa, yanasukumwa kwenye mabomba. Kwa hivyo fundi wa gereji akimwaga oili chafu kwenye mtaro wa Kitale, asiseme ameitupa. Ameituma. Kuna mtu huko chini ataipokea.

Sasa historia. Kitale ilianza mwaka wa 1908 kama mji wa walowezi, na reli ikafika 1926. Huku kwetu Bungoma, reli ya kuelekea Uganda ikapita na stesheni zake, mojawapo ikiitwa Broderick Falls, mahali ambapo Wabukusu wanapajua kwa maporomoko ya Nabuyole. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Afya ya Umma mwaka wa 1921, na ndiyo hiyo hiyo bado tunaitumia, japo imerekebishwa mara nyingi. Fikra yake kubwa ilikuwa kuzuia magonjwa: vyoo, mitaro, takataka. Mabomba yenyewe yalifuata makazi ya wakubwa. Mwafrika wa mtaani alibaki na choo cha shimo na chemichemi, vyote viwili kwenye mteremko mmoja.

Baada ya uhuru tukapata viwanda. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kabisa. Mwaka wa 1974 kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilianza uzalishaji pale Webuye, serikali ikiwa na hisa pamoja na wawekezaji kutoka India na shirika la fedha la Benki ya Dunia. Mji ulikua kwa sababu yake. Baba za watu walisomesha watoto kwa mshahara ule, na mimi siwezi kuudharau. Lakini kutengeneza karatasi ni kupika mbao kwa kemikali, na baada ya kupika kuna maji meusi. Wakazi walilalamika miaka na miaka kuhusu harufu, mabati yaliyoliwa na kutu, na maji yaliyokuwa yakiingia Nzoia.

Je, sheria ilisema nini? Sheria ya Mazingira, EMCA, ilikuja mwaka wa 1999. Kanuni za Ubora wa Maji chini yake, zenye viwango kwa namba, zilikuja 2006. Piga hesabu: miaka 32 baada ya kiwanda kuanza. Januari 2009 kiwanda kikafungwa kwa madeni ya umeme. Yaani kwa karibu maisha yake yote, kanuni hizo hazikuwepo. Zilipofika, hazikudumu nacho hata miaka mitatu.

Hebu sasa tuzielewe kanuni zenyewe, kwa sababu watu wengi hudhani ni mambo ya wataalamu. Ziko wazi sana. Kuna kipimo kinachoitwa BOD. Kinapima ni oksijeni kiasi gani bakteria watatumia kula uchafu ulio ndani ya maji kwa siku tano. Uchafu mwingi, oksijeni inaisha, samaki wanakufa. Kanuni za 2006 zilisema anayemwaga kwenye sewa ya umma asizidi miligramu 500 kwa lita. Anayemwaga mtoni asizidi 30.

Umeona pengo kati ya 500 na 30? Pengo hilo ndilo kazi ya kampuni ya maji. Mwenye kiwanda, kichinjio au hoteli anapunguza uchafu wake kwanza, halafu kampuni inamalizia. Mmoja akitega, kazi yote inaharibika. Damu ya kichinjio ikiingia bila kuchujwa, BOD inapanda vibaya. Mafuta ya kukaangia yakimwagwa kila siku kwenye sinki la hoteli, yanaganda ndani ya bomba mpaka sewa inafumuka barabarani.

Na mahali pa kumalizia kazi, mara nyingi kwenye miji yetu, ni mabwawa tu. Majitaka yanaingia bwawa la kwanza, uzito unazama, yanahamia la pili, la tatu, huku bakteria, mwani na jua vikifanya kazi. Ni teknolojia nzuri, haihitaji umeme mwingi. Lakini ni kitu hai. Oili ya injini ikitanda juu, inazuia hewa. Kemikali kali ikiingia, bakteria wanakufa. Huwezi kuua mfanyakazi halafu umlaumu kwa kutomaliza kazi.

Upande wa maji safi ni hivyo hivyo. Shabu inakusanya tope, mchanga unachuja, klorini inaua vijidudu. Vizuri. Lakini klorini haiondoi madini mazito wala mabaki ya dawa za shambani. Hata mama akichemsha maji mpaka sufuria ipige kelele, madini yatabaki mle mle. Ndiyo maana ulinzi wa kweli uko mlangoni, pale uchafu unapozaliwa. Wahenga walishasema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunajenga ukuta kila mwezi na kuulipia kwenye bili.

Kilichonishtua nilipoanza kusoma mambo haya ni hiki. Baada ya Sheria ya Maji ya 2002, huduma zilitolewa mikononi mwa manispaa zikapewa kampuni. Huku magharibi, Kampuni ya Maji ya Nzoia ikapewa Kitale, Webuye, Kimilili na Bungoma kwa pamoja. Kumbe kampuni moja ilikuwa na sewa ya juu na mfereji wa chini! Mimi naona hiyo ilikuwa nafasi ya dhahabu: yule anayemwaga ndiye anayechota, kwa hivyo ana kila sababu ya kumwaga vizuri. Kisha 2013 kaunti zikaja, na Katiba ikazikabidhi maji na usafi. Sasa tuna serikali mbili, Trans Nzoia na Bungoma, lakini mto haujui mpaka wa kaunti.

Wengine watasema dawa ni kukamata watu. Kamata fundi, kamata mwenye hoteli. Mimi nasema tulia kwanza. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu iliamua kesi ya Peter Waweru, wenye majengo wa Kiserian walipokuwa wameshtakiwa kwa kumwaga majitaka kwenye maji ya umma. Majaji hawakusifu uchafuzi ule hata kidogo. Lakini walifuta mashtaka kwa sababu wachache walichaguliwa wengine wakaachwa, kisha wakaigeukia serikali: mtambo wa kutibu majitaka uko wapi? Wakaagiza ujengwe. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kukosa mlango ambao wewe ndiye ulipaswa kuuweka.

Na tunajua inawezekana kuanza na watu. Kati ya 2001 na 2004, Manispaa ya Kitale pamoja na shirika ambalo sasa linaitwa Practical Action walikaa na wakazi wa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa kupanga mitaa yao. Wananchi wenyewe walisema nini kianze. Hakukuwa na muujiza, kulikuwa na kusikilizana.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Gereji zipewe mahali pa kupeleka oili chafu kabla hazijapewa faini. Hoteli ziwekewe mitego ya mafuta na ikaguliwe. Magari ya kunyonya vyoo yawe na mahali halali pa kumwaga, na yafuatiliwe yasimwage kwingine usiku. Na kaunti hizi mbili zikae meza moja kuhusu Nzoia.

Wewe je? Katiba, Kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi na salama. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya habari, na Sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Andika barua ya mistari mitatu kwa kampuni yako ya maji: maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka yalipimwa lini mara ya mwisho, BOD ilikuwa ngapi, na ilizidi 30 au la? Ukiwa Kitale, uliza kwa niaba ya Bungoma. Ukiwa Bungoma, uliza kwa niaba ya Budalangi.