Jedwali la sehemu

jedwali la sehemu nm (wingi: majedwali ya sehemu) [li-/ya-] Orodha iliyo mwanzoni mwa diski, inayoonyesha kila sehemu ya diski inapoanzia na ukubwa wake. Katika mfumo wa MBR, orodha hiyo huchukua baiti 64 na hutaja sehemu 4 tu. Flashi huweza kutumika bila jedwali hilo; mfumo wa mafaili huanzia kwenye sekta ya kwanza, na katika Linux hufunguliwa kama /dev/sdb badala ya /dev/sdb1.

*Mfano:* Flashi hii haina jedwali la sehemu, lakini picha zote zimo.

Matumizi: "Flashi isiyo na jedwali" si "flashi tupu" wala "flashi mbovu". Mfasiri akiyachanganya, msomaji huenda akaifomati flashi nzima na kupoteza mafaili yake.