Laptopu ya zamani na programu mpya za ma-DJ: mambo ya kufanya kabla hujanunua nyingine

Maharusi wanaingia ukumbini, ndugu wamesimama, vigelegele vimeanza, na ghafla wimbo unakwaruza na kukatikakatika kwenye spika. Kwa kijana anayeendesha maisha kwa kupiga muziki kwenye harusi, vipaimara na minada, usiku mmoja wa namna hiyo unaweza kumkosesha kazi tatu zinazofuata. Wengi huamua hapo hapo kwamba laptopu imezeeka na kwenda kukopa ili wanunue nyingine. Mara nyingine ni kweli imechoka. Lakini mara nyingi mashine bado inafaa, ila imepangwa vibaya au imebebeshwa kazi ambayo ingeweza kufanywa mapema.

Kwa nini sauti hukatika

Kompyuta haipeleki wimbo mzima kwenye spika kwa mpigo mmoja. Huukata vipande vidogo sana. Sauti ya kawaida ya kidijitali ina sampuli 44,100 katika kila sekunde. Programu ya DJ huandaa fungu la sampuli, tuseme 512, hulikabidhi, kisha huandaa fungu jingine. Sampuli 512 ni muda wa milisekunde 12 hivi, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. Fungu likichelewa hata mara moja, spika hukosa cha kupiga. Huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Ndiyo maana laptopu ileile inaonyesha filamu vizuri lakini inashindwa kuchanganya nyimbo mbili. Programu ya filamu huandaa sauti mapema, sekunde kadhaa mbele. Programu ya DJ haiwezi kutangulia hivyo, kwa sababu inangoja mkono wako: ukipunguza besi au kusimamisha wimbo, lazima itii papo hapo. Kwa hiyo kazi yetu ni kuiwezesha mashine iwahi kila fungu, hata kama yenyewe si ya kasi kubwa.

Kwanza jua ulichonacho

Fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya "System", kisha "About". Tazama mambo matatu: toleo la Windows, kiasi cha RAM, na kama mfumo ni wa biti 32 au 64.

Chukua mfano wa Mixxx, programu ya bure ya ma-DJ iliyoanza mwaka 2001. Matoleo yake ya sasa kwa upande wa Windows yanahitaji Windows 10 au 11 ya biti 64. Mwenye Windows 7 asilazimishe toleo jipya. Matoleo ya zamani ya Mixxx bado yanapatikana kwenye tovuti yake, na toleo la zamani linaloendana na mashine yako litakufaa zaidi ya jipya linalokwama.

VirtualDJ hutumika bure kwa mazoezi ya nyumbani. Ukianza kulipwa, masharti yake yanataka ununue leseni. Jihadhari na programu zilizovunjwa kufuli zinazozunguka kwenye flashi. Mara nyingi huja na virusi, na virusi hufanya kazi chinichini wakati wewe unapiga muziki.

Ongeza ukubwa wa fungu

Hii ndiyo dawa ya kwanza, nayo haina gharama. Katika mipangilio ya sauti ya Mixxx kuna sehemu inayoitwa "Audio Buffer", inayopimwa kwa milisekunde. Kama imewekwa 5.8 au 11.6 na sauti inakatika, panda hadi 23.2. Ikiendelea kukatika, weka 46.4. Programu nyingine nazo zina sehemu kama hiyo kwenye mipangilio ya sauti.

Gharama yake ni kwamba mashine itachelewa kidogo kuitikia mkono wako. Anayechanganya kwa kipanya na kibodi hataona tofauti kubwa. Anayekwaruza sahani kwa kontrola ataihisi, hivyo atafute kiwango kidogo kuliko vyote ambacho mashine yake inakiweza bila kukatika.

Fanya kazi nzito nyumbani

Unapoingiza wimbo mpya, programu huuchambua ili ijue kasi yake, ufunguo wake na kuchora mawimbi yake. Kazi hiyo hutumia nguvu nyingi. Ukiingiza nyimbo 20 kutoka kwenye flashi ya mgeni katikati ya sherehe, unailazimisha mashine ichambue na kupiga kwa wakati mmoja. Chambua nyimbo zako zote siku moja kabla.

Mzigo mkubwa kuliko huo ni kutenganisha sauti ya mwimbaji na ala. VirtualDJ imekuwa na uwezo wa kufanya hivyo papo hapo tangu toleo la 2021, na laptopu nyingi za zamani huelemewa hapo. Programu hiyo hukuruhusu kuutenganisha wimbo mapema na kuhifadhi matokeo. Andaa nyumbani zile chache utakazozihitaji, au achana kabisa na jambo hilo.

Angalia pia kitufe cha "Key lock", kinachozuia sauti ya mwimbaji isibadilike unapoongeza au kupunguza kasi. Kikiwashwa, prosesa hufanya kazi zaidi. Kizime pale usipokihitaji. Katika Mixxx unaweza pia kuchagua njia nyepesi ya kufanya kazi hiyo, iitwayo Soundtouch, badala ya Rubberband ambayo ni nzito zaidi. Chagua pia mwonekano wa kawaida wa programu, usio na mawimbi makubwa yanayokimbia kwenye kioo.

Joto na umeme

Kama muziki ni safi saa ya kwanza na unaanza kukatika baadaye, shuku joto. Prosesa ikipata moto sana hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Usiweke laptopu juu ya kitambaa cha meza wala mto, maana huziba matundu ya hewa. Iweke kwenye ubao au meza tupu, mbali na amplifaya inayotoa joto. Vumbi la miaka mitano ndani ya feni ni sababu ya kawaida sana. Fundi anaweza kuisafisha na kubadilisha ile dawa inayopitisha joto juu ya prosesa.

Upande wa umeme, laptopu nyingi hujipunguzia kasi zinapotumia betri. Ingia kwenye mipangilio ya umeme na uchague "High performance", kisha zuia mashine isijilaze. Betri nayo isipuuzwe. Kama imekufa, jenereta ikizima kwa sekunde moja tu, laptopu inazimika nayo, na ukumbi unakaa kimya mpaka iwake upya. Betri inayoshika hata dakika 15 inakuokoa.

Kabla ya kuanza kazi, zima Wi-Fi na Bluetooth, funga programu nyingine zote, na zima sauti za Windows zenyewe ili mlio wa tahadhari usitoke kwenye spika za harusi. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mwenye mfumo huo ana sababu nyingine ya kutoiunganisha mashine ya kazi na intaneti ovyo.

Ukipata fedha kidogo

Kabla ya kufikiria laptopu nyingine, ongeza RAM. Mwenye GB 4 akifika GB 8 ataona tofauti, mradi mashine yake inapokea nyongeza. Muulize fundi kwanza, kwani katika baadhi ya laptopu RAM imechomelewa moja kwa moja.

Kinachofuata ni kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka SSD. Wimbo wa dakika nne wenye ubora wa MP3 kilobiti 320 una MB 10 hivi, na diski ya zamani inaumudu bila shida. Faida ya SSD iko kwingine: mashine huwaka upesi, nyimbo hutafutwa haraka, na RAM inapojaa, Windows haikwami kwa muda mrefu ikihamishia mambo kwenye diski.

Njia nyingine ni Linux nyepesi, kama Linux Mint yenye Xfce. Ni ya bure, na Mixxx hufanya kazi humo. Ila jaribu kontrola yako kwanza, na usihamie wiki ya harusi.

Jaribio la mwisho

Siku moja kabla ya kazi, piga muziki nyumbani kwa saa mbili mfululizo, ukichanganya kama uko ukumbini. Katika mipangilio ya sauti ya Mixxx kuna hesabu iitwayo "Buffer Underflow Count", inayoonyesha ni mara ngapi fungu lilichelewa. Ikibaki pale pale, mashine iko tayari. Ikipanda, rudi kwenye hatua za juu, badilisha jambo moja tu kwa wakati, kisha jaribu tena. Kama umezipitia zote na hesabu bado inapanda, hapo ndipo unapoweza kusema kwa haki kwamba laptopu imefika mwisho.

Hata ikifaulu, weka kwenye simu yako nyimbo za saa nzima na ubebe waya wa kuiunganisha na mikisa. Mashine mpya pia huzima. Wageni hawatajua ulipata tatizo kama muziki umerudi kabla hawajakaa chini.