Vyombo viwili vya mfalme: ni mikono ya nani?

Mara mingi tukisema mila, tunafikiri ni mambo ya bankambo wetu peke yao. Lakini Wafaransa nao wako na mila yao ya udongo. Inafaa tuiangalie kwa karibu, juu inatufundisha hivi: jina linaloandikwa chini ya chombo si siku zote jina la aliyekifanya.

Tuchukue jozi moja ya vyombo vya urembo iliyotoka katika kiwanda cha Sèvres, karibu na Paris, mnamo 1758. Leo iko katika makumbusho ya Metropolitan, New York. Kila chombo kina vichwa viwili vya tembo, na ncha za mikonga zinashika mishumaa. Aliyebuni umbo lile ni mfua dhahabu Jean-Claude Duplessis.

Juu ya nini viwili? Katika nyumba za wakubwa viliwekwa juu ya mahali pa kuotea moto, kimoja kuume, kingine kushoto. Kimoja peke yake ni sawa na mtu aliyevaa kiatu kimoja. Lakini kufanya viwili vinavyolingana haikuwa mchezo. Udongo hupungua ndani ya tanuru, na moto unaweza kupinda kimoja na kuacha kingine. Tena wakati ule Sèvres haikuwa bado na udongo wenyewe wa porselini. Walichanganya mchanga na vitu vya kutengenezea kioo, na mchanganyiko ule ulikuwa mgumu kufinyanga na mwepesi kuanguka motoni.

Wachina walijua siri tangu zamani: udongo mweupe, kaolini, wa jamii moja na pemba ambayo wazee wa Kiluba waliitumia katika mila zao. Huko Ufaransa ulipatikana mnamo 1768, Saint-Yrieix, karibu na Limoges. Watu wanasemaka kwamba bibi ya munganga Darnet njo aliuona kwanza, akitafuta kitu cha kufulia nguo. Historia imeshika jina la bwana wake. Kutoka udongo ule, Limoges ikajulikana dunia nzima.

Kiwanda chenyewe kilianza Vincennes mnamo 1740, kikahamia Sèvres 1756, na Louis XV akakifanya chake 1759. Chini ya vyombo walichora herufi mbili za L zilizopishana, alama ya mfalme. Wachoraji wengi waliweka alama yao ndogo kando. Lakini kule Vincennes kulikuwa pia wanawake waliofinyanga maua ya porselini, jani kwa jani, na maua yale yalileta sehemu kubwa ya mapato ya miaka ya kwanza. Majina yao tutayasoma wapi?

Ufalme ulianguka 1792, na alama ile ikaachwa. Katika karne ya 19, mafundi wengine wa Paris wakaiiga juu ya vyombo vipya, vikauzwa sawa vya kale. Kumbe alama ya mfalme ni rahisi kuiba kuliko ufundi wa mkono.

Na sisi? Katika makumbusho mengi ya Ulaya, vitu vya Kongo vinabeba jina la mzungu aliyevichukua. Jina la mchongaji au la mama mfinyanzi halipo. Wale wa zamani wamekwisha kwenda. Lakini mama wanaofinyanga leo katika vijiji vyetu wako hai. Tuwaulize majina yao, na tuyaandike.