Malkia wa Marumaru katika Bustani ya Jeevanjee

Wewe usomaye Thika au Ruiru, karibu na maji ya mto Chania, bila shaka umekwisha kusikia habari za ule mugumo wa Thika. Wazee husimulia ya kuwa Mugo wa Kibiru alitabiri kwamba utawala wa wageni utakwisha siku mti ule utakapoanguka, na ya kuwa serikali iliuzungushia pete ya chuma usipate kuanguka. Ukaanguka mwaka 1963. Hiyo ilikuwa kumbukumbu isiyochongwa na mkono wa mtu. Sasa tuifuate njia ya Nairobi, mwendo wa kilomita arobaini na kitu, tukatazame kumbukumbu ya namna nyingine: sanamu ya marumaru ya Malkia Victoria, iliyowekwa katika Bustani ya Jeevanjee mwaka 1906.

Usiifikirie Nairobi ya leo. Reli ilikuwa imefika hapo mwaka 1899 tu, na mji ulikuwa mdogo, wa mabati na matope. Mwaka 1902 ulizuka ugonjwa wa tauni, na mitaa ya maduka ya Wahindi ikatiwa moto kwa amri ya serikali. Katika mji wa namna hiyo, marumaru iliyochongwa ilikuwa kitu kigeni kabisa. Naye Malkia mwenyewe alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1901, wala hakupata hata siku moja kuikanyaga Afrika.

Ni nani basi aliyeileta? Wengi hudhani ni serikali ya Kiingereza. La hasha! Aliyeitoa ni mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi. Wakati wa kujengwa kwa reli kutoka Mombasa, Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kufanya kazi, na Jeevanjee alikuwa na mkataba wa kuleta wafanyakazi na kuwapatia vyakula. Akatajirika. Akajenga soko la Nairobi. Akaanzisha gazeti mjini Mombasa, ambalo baada ya kuuzwa kwa Wazungu likawa ndilo Standard tulijualo. Kisha akatengeneza bustani kwa mali yake, akawapa watu wa mji wapumzike humo. Sanamu ilifunuliwa na Duke wa Connaught, mwana wa Malkia, alipozuru nchi hii mwaka huo wa 1906.

Hapa, msomaji, yafaa tutue kidogo. Jeevanjee alikuwa Mwislamu wa jamaa ya Mabohora, watu wasio na desturi ya kusimamisha sanamu. Kwa nini basi atoe fedha kwa ajili ya sanamu ya mwanamke wa Kizungu? Mimi naona kwamba sanamu ile ilikuwa hoja. Ilikuwa kama kusema: sisi Wahindi nasi ni raia wa Malkia huyu kama ninyi walowezi, kwa hiyo tuna haki sawa na zenu. Hoja ilitolewa kwa adabu, mbele ya mwana wa Malkia mwenyewe, ambapo hapana mlowezi aliyeweza kuikatiza.

Lakini haikusikilizwa. Mwaka 1908 Lord Elgin, waziri wa makoloni huko London, aliridhia kwamba ardhi ya nyanda za juu isigawiwe Wahindi. Katika Thika Mhindi aliweza kufungua duka, lakini mashamba ya mkonge na kahawa yalikuwa ya Wazungu. Jeevanjee aliteuliwa kuwa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, akaendelea kuteta hata akachukiwa. Alikufa mwaka 1936. Na Mwafrika, ambaye ardhi yenyewe ilikuwa yake? Katika mabishano yale yote hakuulizwa neno. Marumaru ile haikumsemea.

Uhuru ulipopatikana, sanamu ya Lord Delamere iliondolewa katika barabara iliyokuwa na jina lake, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Malkia Victoria aliachwa, labda kwa kuwa alikuwa mdogo, amejificha katika miti, na watu walikwisha mzoea. Hatari kubwa ilikuja mwaka 1991, nayo haikuwa ya sanamu bali ya bustani nzima: ilikusudiwa kujengwa humo jengo kubwa lenye maegesho ya magari. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, akasimama kupinga, na Wangari Maathai akamuunga mkono. Alitetea maneno ya babu yake, kwamba mahali pale ni pa watu. Mpango ukaachwa.

Hata mwaka 2015 watu wasiojulikana wakaiangusha sanamu na kuivunja. Mwaka huo huo, huko Cape Town, wanafunzi walikuwa wakidai sanamu ya Cecil Rhodes iondolewe katika chuo chao kikuu, nayo ikaondolewa mwezi wa Aprili, mchana, mbele ya umati uliokwisha kujadiliana kwa majuma mengi. Kule Nairobi hapakuwa na mjadala wala umati. Nakiri kwamba jambo hilo lilinisikitisha, wala si kwa kumpenda Malkia. Ningependa kumpeleka mwanafunzi pale na kumwuliza: huyu aliwekwa na nani, na alitaka nini?

Bustani ingaliko. Kwa miaka mingi wahubiri wamehubiri humo saa za mchana, na watu waitwao Bunge la Mwananchi wamekutana chini ya miti yake kubishana juu ya bei ya unga, ardhi na serikali.