Mỹ Sơn si "ustaarabu uliopotea"

Kila mtu akiweka video ya droni kutoka Mỹ Sơn, maneno ya chini ni yaleyale: ati ustaarabu uliopotea msituni. Ukungu, muziki wa kutisha, basi. Hiyo sentensi hunikera sana.

Kwanza tujue tuko wapi. Mỹ Sơn ni bonde lililozungukwa na milima katikati mwa Vietnam, si mbali na Hoi An. Jina ni la Kivietnam, maana yake mlima mzuri, kwa hivyo nyinyi wa komenti za "mwanangu" tulieni. Lakini waliojenga hapo si Wavietnam, na si Wahindi pia. Ni Wacham, watu wa ufalme wa Champa, mabaharia na wafanyabiashara ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kimalei na hata Kimalagasi. Dini ya Shiva iliwafikia kwa njia ya bahari, wakaichukua na kuifanya yao kabisa. Mwishoni mwa karne ya 4 mfalme Bhadravarman alijenga hekalu hapo, na mungu wa hekalu akaitwa Bhadreshvara. Umeona alichofanya? Ameunganisha jina lake na la Shiva. Ukimwinamia mungu, umemwinamia na mfalme. Huyo jamaa alijua siasa.

Hekalu lake liliungua. Mfalme Sambhuvarman akajenga upya karne ya 7, na wengine wakaendelea kuongeza hadi karne ya 13. Hiyo ni karibu miaka 900 ya mjengo mahali pamoja! Yalifika zaidi ya majengo 70, mengi ya matofali mekundu yaliyoshikana hivi kwamba huoni chochote katikati, simiti wala nini. Na michoro walichonga ukuta ukiwa umeshasimama. Fundi akiteleza mkono, imeenda hiyo.

Sasa hii story ya kupotea. Wavietnam waliisukuma Champa kusini polepole. Mji wa Vijaya ulianguka 1471, na kipande cha mwisho kikamezwa 1832. Msitu ukafunika bonde. Wafaransa walifika 1898, halafu Henri Parmentier akapima na kuchora majengo. Bahati alichora, kwa sababu Agosti 1969 ndege za B-52 za Marekani zilimwaga mabomu kwa hilo bonde, ati wapiganaji wa Viet Cong wamejificha humo. Ilikuwa wiki moja tu. Mnara ulioitwa A1, ambao wataalamu waliuona kuwa kazi bora kabisa ya Wacham, ukawa rundo la matofali. Philippe Stern, bingwa wa sanaa ya Champa kutoka Paris, alimwandikia Rais Nixon barua ya kulalamika, na amri ikatoka: endeleeni kupigana, lakini mahekalu msiguse. Kumbe iliwezekana! Majengo kama 20 hivi ndio yamebaki yamesimama, na mashimo ya mabomu yako hapo katikati yao, yameota nyasi.

Kitu kikipigwa bomu hakijapotea. Kimevunjwa, na aliyevunja anajulikana.

Na Wacham wenyewe? Wako. Wengi ni Waislamu, wengine bado wanamwabudu Shiva kwa njia yao. Kila mwaka, karibu Oktoba, kunakuwa na sherehe ya Kate huko Phan Rang, ambapo watu hupanda kilima hadi hekalu la Po Klong Garai. Nguo za mfalme hutunzwa na majirani zao wa milimani, Waraglai, ambao huziteremsha kwa maandamano. Wazee huosha sanamu ya mfalme, huivika hizo nguo, kisha ngoma na zumari zinaanza. Hiyo ndio video mimi nataka kuona ikisambaa.